Baridi Safarini: Matunzo ya Makasha na Majokofu ya Njiani katika Uwanda wa Ufipa

Alfajiri ya siku ya huduma ya mkoba, wakati kipupwe cha mwezi wa Juni kimeulaza ukungu juu ya mabati ya Sumbawanga na wapitao njiani wamejifunika makoti mpaka masikioni, muuguzi huchutama kwenye baraza ya zahanati, mbele yake kikasha cha plastiki kilicho wazi, akapangusa kwa kitambaa kikavu ule mfereji mwembamba wa kifuniko unaokutana na ukingo wa kasha. Kisha huziinua pakiti za barafu moja baada ya moja, huzitikisa karibu na sikio, na asipoyasikia maji yakicheza ndani yake huzirudisha mezani zingoje.

Mgeni angeweza kudhani kuwa anakawia bure, maana pikipiki imekwisha kuwashwa na njia ya Ntendo kuteremkia Muze haina huruma kwa mwenye kuchelewa. Lakini ni katika dakika hizo chache za kupangusa na kusubiri inapoamuliwa kama watoto wa bondeni watachanjwa kwa dawa iliyo hai, au watatobolewa ngozi kwa kitu kisicho na faida yoyote kwao.

Tumeagizwa kuandika juu ya vyombo hivi vya baridi vinavyosafiri: kikasha cha chanjo kilichofungwa nyuma ya pikipiki, deli la samaki lililopakiwa juu ya lori, na lile friji dogo ambalo madereva wa masafa marefu huliweka nyuma ya kiti. Tulipoyapima mambo yao yote kwa pamoja tuliliona jambo moja ambalo hatuna budi kulisema waziwazi tangu mwanzo: aghalabu vyombo hivi havifi kwa uzee wala kwa ubovu wa mitambo, bali hufa kwa uchafu, na uchafu huo hudumu kwa sababu dhima ya kuusafisha haijawekwa mikononi mwa mtu yeyote.

Juu baridi, chini joto

Sumbawanga imekaa katika kimo cha takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani nayo hupanda zaidi ya mita 2,000. Ilhali Ziwa Rukwa upande wa mashariki limelala kwenye mita 800 hivi, na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi kwenye mita 773. Kwa hiyo mtu atokaye mjini asubuhi, awe anashuka genge la Lyamba lya Mfipa kwenda Muze na Mtowisa, au anaelekea Kasanga, Kirando, Kabwe au Wampembe, huteremka mita 1,000 au karibu yake kabla jua halijasimama kichwani.

Kanuni ya hewa ni kwamba joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na kwa kushuka huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Ukilijumlisha ongezeko hilo na jua la mchana katika bonde lisilo na upepo, utaona kwamba kasha lililoondoka mjini likiwa katika hewa ya kuhitaji blanketi hufika mwisho wa safari likiwa katika hewa ya kutweta.

Hapo ndipo ilipo hadaa ya Ufipa. Mkazi wa uwanda wa juu, aliyezoea maji ya mtungini yaliyo baridi bila ya mtambo wowote, huona kwamba hali ya hewa yenyewe inamfanyia kazi ya friji, na kwa imani hiyo huacha kitasa kilicholegea kibaki kimelegea, huacha ufa mdogo wa kasha uendelee kuwa ufa, na mpira ulioingia mchanga ubaki na mchanga wake. Kosa hilo halimdhuru akiwa juu, bali humngojea chini, mahali pasipo fundi wala barafu ya kuongeza.

Fauka ya hayo kuna njia zenyewe. Barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga imekwisha kuwekwa lami, na ile ya kupitia Matai kwenda bandari ya Kasanga kadhalika. Lakini mtu akiiacha lami huingia katika vumbi jembamba la kiangazi ambalo hupenya kila tundu, na katika masika huingia katika matope yanayoweza kuligeuza jambo la saa tatu kuwa la siku nzima. Wapo pia wakazi wa mwambao wa Tanganyika ambao chanjo yao huwafikia kwa mashua, ikirushiwa maji na kupigwa na jua pande zote.

> Kasha huondoka mjini katika hewa ya blanketi, likafika bondeni katika hewa ya kutweta.

Umeme nao una historia yake. Kwa miaka mingi Sumbawanga iliupata umeme wake kutoka Zambia, kwa njia ya Mbala, na kila upande wa pili wa mpaka ulipotetereka, majokofu ya upande huu yaliingia mashakani. Friji lililosimama mahali pamoja huweza kusaidiwa kwa jenereta au kwa sahani za jua. Kasha lililo safarini halina msaada ila ule liliotoka nao nyumbani.

Namna baridi inavyopotea

Ni vyema msomaji aelewe kile anachokitunza. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu, hunywa joto kiasi kile kile ambacho kingetosha kuyapasha maji hayo hayo kutoka nyuzi sifuri hadi karibu nyuzi 80. Hiyo ndiyo hazina inayobebwa ndani ya pakiti nne zilizozunguka chanjo. Kuta za kasha, zilizojazwa povu gumu lenye hewa iliyofungiwa katika vijumba vidogo visivyohesabika, kazi yake ni kuizuia hazina hiyo isitumike upesi.

Basi ufa ukitokea ukutani na maji ya kuoshea au ya mvua yakapenyeza mle povuni, mambo hubadilika, kwa kuwa maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Kasha huonekana lilelile kwa nje, rangi yake ileile na kamba yake ileile, lakini kuta zake zimekwisha kuwa njia ya joto. Ndiyo maana mafundi wa chanjo huhimiza kwamba ufa uzibwe kwa tepe siku ile ile uonekanapo, na kasha lipelekwe kubadilishwa, lisingoje mpaka livunjike vipande viwili.

Mlango mwingine wa hasara ni mpira wa kifuniko. Chembe za mchanga, ukoko wa maziwa yaliyomwagika, magamba ya samaki au kuvu nyeusi iliyoota penye unyevu huuzuia mpira usilale sawasawa, na kwa upenyo usioonekana kwa macho hewa ya nje huingia usiku na mchana. Katika friji la umeme hewa hiyo huleta na unyevu wake, unyevu hugeuka kuwa sakitu juu ya kuta za ndani, sakitu huwa blanketi baina ya bomba la baridi na chakula, na mtambo hulazimika kuzunguka pasipo kupumzika mpaka betri inyong'onyee.

Kuujaribu mpira ni kazi ya dakika moja. Funga kifuniko juu ya ukanda wa karatasi, kisha uvute. Karatasi ikitoka kwa ulaini hapo pana upenyo, na ukanda huo uhamishwe uzunguke pande zote nne, kwani mara nyingi mpira huchoka upande wa bawaba kabla ya pande nyingine. Mpira uliopinda kidogo huweza kurudishwa kwa kuukanda kwa maji ya moto. Uliopasuka hauna dawa ila kubadilishwa.

Kikasha cha chanjo na hatari mbili

Chanjo nyingi za watoto hutakiwa zikae baina ya nyuzi 2 na nyuzi 8, si pungufu wala si zaidi, nao watu ni wepesi wa kukumbuka joto na kusahau baridi. Matone ya polio, chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu huharibiwa na joto. Lakini chanjo ya pepopunda, ile ya homa ya ini, na ile iunganishayo kinga tano iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2009, huharibiwa na kuganda, na iliyoganda haiponi kwa kuyeyushwa.

Kwa hiyo yule muuguzi wa asubuhi hatikisi pakiti kwa desturi tupu. Barafu itokayo moja kwa moja katika jokofu la kugandishia huwa na baridi ya chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, na kichupa kilichoegemea ubavuni mwake huweza kuganda kabla pikipiki haijatoka mjini. Bali maji yakianza kucheza ndani ya pakiti, hiyo ni ishara kwamba barafu imefika kwenye nyuzi sifuri na haiwezi tena kuwa baridi zaidi ya hapo. Na kwa kuwa asubuhi ya Sumbawanga ni ya baridi, kungoja huko huchukua muda mrefu kuliko katika joto la Dar es Salaam, jambo ambalo mwenye haraka huliona ni taksiri ya pakiti, ilhali ni hali ya mahali.

Dawa yenyewe hubeba shahidi wake. Tangu mwaka 1996 vichupa vya matone ya polio, na baadaye vya chanjo nyinginezo, vimewekwa alama ya duara yenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara chanjo yafaa, ukilingana nalo kwa weusi au ukalizidi, chanjo itupwe. Alama hiyo hushuhudia joto tu, haisemi neno lolote juu ya kuganda. Kwa kuganda hutumika jaribio la kutikisa: kichupa kinachotiliwa shaka hutikiswa pamoja na kichupa cha aina ile ile kilichogandishwa makusudi, vikawekwa mezani, na cha kwanza kikituama upesi kama cha pili, basi kimekwisha kuharibika.

> Chanjo iliyoganda haiponi kwa kuyeyushwa.

Na usafi unaingilia wapi? Unaingilia kila mahali. Kasha likirudi jioni lina maji ya barafu iliyoyeyuka, na likifungwa hivyo hivyo mpaka juma lijalo huota kuvu, hunuka, na mpira wake huliwa. Maji hayo hayo hubandua karatasi za vichupa, na kichupa kisicho na karatasi hakijulikani ni cha nini wala kimeisha muda lini, kwa hiyo hutupwa hata kama dawa iliyomo ni nzima. Sifongo ya juu, ile ambamo vichupa vilivyofunguliwa huchomekwa wakati wa kuchanja, hushikwa na mikono ya watu wengi zaidi kwa siku moja kuliko kitasa cha mlango wa zahanati, na aghalabu ndiyo isahauliwayo.

Matunzo yake hayataki elimu kubwa. Kasha huoshwa kwa maji na sabuni laini, husuuzwa, hukaushwa kwa kitambaa, likaachwa wazi kivulini likiwa limeinamishwa, wala lisianikwe juani, kwani jua huifanya plastiki ikakamae na kupasuka. Bawaba na vitasa hutiwa tone la mafuta. Pakiti hazina haja ya kumwagwa na kujazwa upya kila safari; zikitiwa maji mara moja mpaka kwenye alama, zikafungwa vizuri na zisivuje, maji hayo hutumika tena na tena. Tena kasha si kiti. Wapo wanaolikalia wakati wa kungoja mashua, na kila aketiye hulipunguzia siku zake.

Deli la samaki

Juu ya samaki hatutasema mengi, si kwa kuwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa wenyewe wanaifahamu kazi yao. Dagaa hukaushwa na hawahitaji baridi. Lakini migebuka na kuhe wabichi watokao mialo ya Tanganyika kupanda Sumbawanga husafiri katika madeli, na mara nyingi katika mabodi ya majokofu yaliyokwisha kufa, yaliyotolewa mtambo yakabaki kuwa masanduku yenye kuta nene. Ni ustadi wa kusifiwa, kwani kitu kilichokuwa taka kimepewa kazi ya halali.

Lawama yetu ni moja tu, nayo ni juu ya tundu la kutolea maji. Samaki anayelala katika maji ya barafu iliyochanganyika na damu huharibika upesi kuliko aliyelala juu ya barafu inayochuruzika, na tundu hilo ndilo la kwanza kuzibwa na magamba. Lizibuliwe kila safari, bodi lote lisuguliwe kwa sabuni na maji yenye dawa ya klorini, na kutu ya pembeni isiachwe ikawa makao ya uozo. Wala deli la samaki lisiazimwe kwa jambo lolote la tiba, hata kwa saa moja, hata kwa dharura. Harufu ni jambo dogo, vijidudu ndivyo vyenye kuua.

Friji la dereva

Madereva wa malori wanaovuka Tunduma, ambapo foleni ya mpaka huweza kumlaza mtu njiani siku kadhaa, wamelipokea friji dogo la betri kwa furaha inayoeleweka. Mle hukaa maji, nyama, matunda, na kwa wale wenye maradhi ya kisukari hukaa insulini, ambayo chupa zake zisizofunguliwa nazo hutaka nyuzi 2 hadi 8. Kwa mtu huyo friji si anasa. Ni sehemu ya mwili wake.

Si kitu kipya duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Frederick McKinley Jones, fundi Mmarekani mweusi aliyejifunza kazi kwa mikono yake mwenyewe, alitengeneza mtambo wa baridi wa kufungwa juu ya lori, na katika vita vya pili vya dunia mitambo ya aina hiyo ilihifadhi damu na dawa za majeruhi. Tatizo alilolishinda yeye lilikuwa mtikisiko wa barabara. Tatizo linalotushinda sisi ni vumbi na uvivu wa kufungua kifuniko cha feni.

Maana friji dogo hupumua. Ndani yake haliumbi baridi, bali huchota joto na kulitupa nje kupitia vyuma vyembamba vilivyopangwa mbele ya feni, na vyuma hivyo vikifunikwa na vumbi la njiani, au friji likasongwa na mablanketi na mifuko pande zote, joto hurudi ndani na mtambo huzunguka mpaka uungue. Brashi laini ya rangi, ikipitishwa humo kila baada ya safari ya vumbi, inatosha. Anayepuliza kwa pampu ya tairi na aishike feni kwa kidole, isizungushwe na upepo kwa kasi ikaharibika.

Sakitu ikifikia unene wa nusu sentimita, friji lizimwe, liondolewe vitu, liachwe wazi mpaka barafu iachie yenyewe. Hapa tunasema kwa mkazo, kwa sababu ni kosa lenye kurudiwa kila siku: kisu, bisibisi wala msumari usiguse barafu hiyo. Nyuma ya ukuta mwembamba wa bati kuna bomba la gesi, na tundu moja dogo kama la sindano hulimaliza friji zima.

Kwa kuoshea ndani, maji ya vuguvugu yenye kijiko cha bikaboneti ya soda huondoa harufu bila kuacha harufu nyingine. Siki au ndimu iliyotiwa maji hufaa kwa kuvu ya kwenye mpira, ilimradi mpira usuuzwe baadaye. Stili waya na sabuni ya chembechembe huchuna ukuta, na mchubuko ndio shimo la kwanza la uchafu ujao. Kikaushwe kila kitu. Na friji likipumzishwa, kifuniko kiachwe wazi kwa kuwekewa kijiti, kwani giza na unyevu vikikutana katika chombo kilichofungwa, kuvu haikawii.

> Kisu, bisibisi wala msumari usiguse barafu iliyoganda ndani ya friji.

Umeme wa lori nao unahitaji hadhari. Friji lililochomekwa katika tundu la kuwashia sigara kwa waya mwembamba na mrefu hupokea umeme uliokwisha kupungua njiani, likadhani betri imekwisha na kujizima. Fundi mwaminifu huvuta waya mnene kutoka betrini, akautia fyuzi karibu na chanzo. Kile kifaa cha kulinda betri, ambacho huzima friji kabla ya betri kuishiwa nguvu za kuwasha injini, kisizimwe kwa hila; wengi waliolala porini baina ya Laela na Tunduma wakingoja kusukumwa walitaka tu soda iwe baridi. Na friji lililosafiri kwa kulazwa ubavu lisimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, mafuta ya mtambo yarudi mahali pake.

Moto utoao baridi

Wazee wa misheni na wa zahanati za zamani wanalikumbuka friji la mafuta ya taa, ambalo lilitoa baridi kwa utambi uwakao. Lilibuniwa mwaka 1922 na vijana wawili wanafunzi wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, na siri yake ni mzunguko wa amonia, maji na hidrojeni usio na chuma hata kimoja kinachozunguka. Ndugu yake wa leo, anayewashwa kwa mtungi wa gesi, bado huuzwa kwa wasafiri.

Ni mtambo mpole lakini wenye masharti. Hutaka kusimama sawasawa, kwani ukiinama vimiminika vyake hukosa njia. Hutaka utambi uliokatwa vizuri na dohani lisilo na masizi. Na katika kimo cha Sumbawanga, ambako hewa ni nyepesi, moto wake hudhoofika na baridi hupungua. Tena usiwashwe kamwe ndani ya kibanda cha lori ambamo mtu amelala, kwa kuwa moshi usioonekana huua bila kumwamsha mtu. Kwa njia za milima za Ufipa, kwa rai yetu, friji hilo si la kuchukuliwa safarini.

Hoja za pande mbili

Yako mabishano ya haki juu ya mambo haya. Wapo wasemao kwamba zama za barafu zimekwisha, kwamba kila timu ya huduma ya mkoba ipewe friji dogo la betri na sahani ya jua, ili baridi isomeke kwa tarakimu na isitegemee sikio la muuguzi. Hoja yao ina nguvu: mtambo wenye kipimajoto husema kweli hata kwa mtu aliyechoka, na kasha la barafu halisemi kitu.

Wapo wanaowajibu kwamba kitu kisicho na waya hakikatiki waya. Kasha kubwa la baridi lililotengenezwa kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani hujaribiwa katika joto la nyuzi 43, na yaliyo bora katika hayo huhimili saa 96 au zaidi. Halihitaji betri, halihitaji fundi wa Mbeya, na likianguka mtoni huokotwa na kukaushwa. Vipo siku hizi hata vibebeo vyenye ukuta wa pili wa kuzuia chanjo isigande, na kwa hivyo ile hatari kubwa ya barafu imepunguzwa.

Sisi tunaegemea upande wa pili kwa njia za pikipiki na mashua, na upande wa kwanza kwa barabara za lami na kwa vituo vya kudumu. Lakini pande zote mbili, katika joto la mjadala, zimelisahau swali lililo kubwa kuliko yote mawili: nani ataosha? Friji la jua lililopandwa na vumbi juu ya sahani yake hutoa nguvu pungufu, na kasha lililoota kuvu hutoa baridi pungufu, na chombo kipya kilichokabidhiwa pasipo mtunzaji huwa kikongwe kabla ya mwaka.

Wauguzi hutoa udhuru ambao haustahili kudharauliwa. Mtu mmoja huchanja, huzalisha, huandika vitabu, hufagia, na jioni anarudi kutoka bondeni akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kumwambia aoshe kasha, aanike sifongo na kukagua mpira kabla ya kulala ni kumwongezea mzigo bila kumwongezea mkono. Sabuni yenyewe mara nyingine huinunua kwa fedha yake. Tunaona kwamba huo si uzembe wa muuguzi, bali ni upungufu wa mpango.

Kinachohatarishwa

Ndui ilishindwa kwa sababu chanjo yake iliyokaushwa kwa baridi ilivumilia joto la kiangazi. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin wa Merca nchini Somalia, aliugua mwezi wa Oktoba mwaka 1977. Polio na surua hazikutupatia upendeleo huo. Chanjo zake ni dhaifu mbele ya joto, na Mpango wa Taifa wa Chanjo, ulioanzishwa mwaka 1975, umekuwa tangu siku zile kazi ya kubeba baridi mgongoni kwa kadiri ile ile ulivyo kazi ya kubeba dawa.

Rukwa inalijua hilo kwa uchungu wa karibu. Mwaka 2023 mtoto wa mkoa huu aligunduliwa kuwa amepooza kwa kirusi cha polio cha aina ya pili, na mwezi wa Septemba wachanjaji wakapita nyumba kwa nyumba, hapa na katika mikoa mingine ya magharibi na kusini, wakiwatafuta watoto wote wa chini ya miaka 8. Kirusi cha namna hiyo hustawi mahali ambapo watoto wengi wamepitwa na kinga, na mtoto aliyepewa matone yaliyoharibika kwa joto amepitwa kama yule asiyefikiwa kabisa, isipokuwa kwamba jina lake limekwisha kuandikwa kitabuni na hakuna atakayerudi kumtafuta.

Kwa hiyo tunaziomba Manispaa ya Sumbawanga na halmashauri za Sumbawanga, Kalambo na Nkasi, zinapoketi kupanga matumizi ya mwaka, ziweke fungu lenye jina lake kwa ajili ya sabuni, vitambaa, mipira ya vifuniko, vitasa na tepe za makasha ya chanjo, na katika kila zahanati liandikwe ukutani jina la mtu mmoja mwenye dhima ya kuosha na kukagua, na huyo alipwe kwa kazi hiyo. Nanyi madereva na wafanyabiashara wa samaki mnaosoma habari hizi mkiwa njiani, leo jioni kabla ya kulala fungueni vifuniko, mkaushe mlichonacho, na mjaribu mpira wake kwa ukanda wa gazeti hili.